Mazatlán, Meksiko: mji wa pwani wa kustaafia. Mbona bei zimepaa hivi?

#1 MamaKibo (Minnesota)

Wakuu, salaam. Mimi ni nesi, nakaribia kustaafu, na theluji ya huku imenitosha. Kwa miaka mingi mimi na mume wangu tumekuwa tukikimbilia Mazatlán wakati wa baridi. Ni pwani ya Pasifiki ya Meksiko, jimbo la Sinaloa. Tunaupenda ule mji kuliko Cancún kwa sababu una wenyewe: bandari, meli za kuvua kamba, wanafunzi, soko, kanisa kuu, na watalii wamekaa upande mmoja tu. Asubuhi unatembea barabara ya ufukweni, wanaiita Malecón, ina kilomita kama 21, na unasalimiana na wazee wa mji waliotoka kunyoosha miguu.

Fleti tuliyozoea kupanga iko karibu na Plaza Machado, mtaa wa zamani. Mwenye nyumba sasa anataka karibu mara mbili ya tulichokuwa tukilipa kabla ya korona. Nimeulizia nyingine, hali ni ile ile. Nini kimepandisha bei? Na kwa mtu mwenye pensheni ya kawaida ya Marekani, bado panafaa?

Msimamo wangu nauweka wazi: kwa miaka ya kwanza ya kustaafu naiona Mazatlán inatufaa kuliko kurudi Tanzania. Wajukuu wako Minneapolis. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Houston

Dada, jibu ni peso. Aprili 2020 dola moja ilivuka peso 24. Katikati ya 2023 ikashuka chini ya 17. Pensheni ya dola 2,000 iliyokuwa inakupa peso 48,000 ikawa inakupa 34,000. Hapo mwenye nyumba hajagusa kodi hata senti. Ukiongeza na kodi yenyewe aliyoipandisha, ndiyo hiyo mara mbili yako.

Watu wengi wa huku walihamia 2020 na 2021, wakapiga hesabu kwa bei ya mwaka ule, wakadhani itadumu.

#3 Nahodha wa Raskazone (Tanga)

Mama Kibo, umeitaja Tanzania halafu ukapita kama hujaitaja! Tanga tuna bahari, samaki, nazi, machungwa ya Muheza, na hakuna anayekudai Kihispania. Mchaga kuikimbia Tanga sawa, ila kwenda kuzeekea Sinaloa? Hebu tueleze vizuri.

#4 MamaKibo

Nahodha, shikamoo kama umenizidi umri. Sababu ni mbili.

Ya kwanza wajukuu, nimeshasema. Ya pili ni uraia. Nilichukua uraia wa Marekani, na Tanzania haina uraia pacha. Kwa sheria ya ardhi mimi ni mgeni, siwezi kumiliki kiwanja nilipozaliwa kama raia. Meksiko nako ni mgeni, ila kule utaratibu wa mgeni umeandikwa na unafuatwa. Wakenya mna bahati, katiba yenu ya 2010 iliwaruhusu. Hili linaniuma, na silisemi kwa kebehi.

#5 Bondeni (Mombasa, sasa Dallas)

Mzee wa Houston, hoja ya peso ina tobo. Baada ya uchaguzi wa Juni 2024 peso ilianguka, mwisho wa mwaka ule dola ilikuwa inacheza kwenye 20. Kodi za Mazatlán zilishuka? Hazikushuka. Kwa hivyo kuna kitu kingine.

Mimi nasema ni barabara. Zamani kutoka Durango kwenda Mazatlán ulipita njia ya mlimani inayoitwa Espinazo del Diablo, uti wa mgongo wa shetani, kona juu ya kona, safari ya saa sita hivi. Mwaka 2013 ikafunguliwa barabara mpya yenye mahandaki kwa makumi na daraja la Baluarte lililo mita 400 hivi juu ya bonde. Sasa ni saa tatu au pungufu. Familia za Durango, Torreón na Monterrey zinafika wikiendi kuogelea. Wenye pesa wamenunua kondo za ufukweni. Ukienda wakati wa Pasaka utaona namba za magari za majimbo hayo tupu. Sisi wa dola tunajiona ndio tunaopandisha bei, kumbe Wameksiko wenyewe ndio soko kubwa.

#6 Fundi wa Rasi (Mazatlán)

Naishi hapa, nafanya matengenezo ya viyoyozi na mabomba kwenye nyumba za wageni, kwa hiyo naingia ndani ya nyumba nyingi.

Bondeni yuko sahihi kuhusu barabara, ila barabara ni ya 2013 na mshtuko wa kodi umekuja baada ya 2020. Kilichotokea katikati ni hizi nyumba za kukodisha usiku mmoja mmoja kwa simu. Mwenye fleti mtaa wa zamani alikuwa anapangisha kwa mwalimu au karani wa bandari kwa mwaka. Sasa anampa mgeni kwa usiku tatu, anapata zaidi. Mwalimu amehamia mbali na bahari, anakuja kazini kwa basi.

Na kuna jambo jingine hamlitaji: mshahara wa kima cha chini. Mwaka 2018 ulikuwa peso 88.36 kwa siku. Mwaka 2025 ukawa 278.80. Mimi nashangilia, watu wa huku walikuwa wananyonywa. Lakini kila anayepika, anayefua, anayejenga, gharama yake imepanda, na inaingia kwenye kodi yako.

#7 Mzee wa Houston

Fundi, mshahara wa kima cha chini hauwezi kupandisha fleti ya Plaza Machado mara mbili. Fleti ilishajengwa zamani. Mfuaji ni sehemu ndogo sana ya kodi.

#8 Fundi wa Rasi

Mzee, lakini unapandisha kitu kingine kinachomgusa Mama Kibo moja kwa moja: masharti ya ukaazi. Kiasi cha kipato wanachotaka kilifungwa kwenye mshahara wa kima cha chini. Kwa ukaazi wa muda kanuni ilikuwa kipato cha mwezi sawa na mishahara 300 ya siku. Kwa kima cha 2018 hiyo ni peso 26,508. Kwa kima cha 2025 ni 83,640. Piga kwa dola uone. Mnesi mstaafu wa 2018 aliingia bila shida, mwenzake wa leo mwenye pensheni ile ile anakataliwa dirishani. Wengine huingia kwa njia ya akiba ya benki badala ya kipato cha mwezi. Kila ubalozi mdogo una takwimu zake na unaweza kuwa mkali au mlegevu, kwa hiyo uliza wa eneo lako.

Ada za kadi zenyewe nazo zilipanda karibu maradufu mwanzoni mwa 2026.

#9 Binti Shangani (Toronto)

Mbona mnajisumbua na ukaazi? Mgeni anapewa siku 180 kila anapoingia. Ukimaliza, toka, rudi. Shoga yangu anafanya hivyo Puerto Vallarta.

#10 Bondeni

Binti Shangani, ni HADI siku 180. Afisa wa uhamiaji ndiye anayeamua. Kuna wanaopewa 180, kuna wanaopewa 30 au chini, hasa wakishaona mihuri inafuatana. Huwezi kupanga uzee wako juu ya kalamu ya mtu uwanjani.

Tena wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wanahitaji viza. Nafuu ni hii: ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, hawakudai ya Meksiko kwa matembezi. Kwa ukaazi lazima uanzie ubalozini nje ya Meksiko, ubandikwe viza, kisha ukiingia una siku 30 za kwenda ofisi ya uhamiaji kuanza kubadilisha iwe kadi. Ukipewa kwa makosa karatasi ya utalii pale uwanjani, unarudi mwanzo. Angalia kabla hujaondoka dirishani.

#11 Lualaba (Montréal)

Bonjour na salamu kwa wote. Mimi nauliza kuhusu kununua. Nilisikia mgeni hawezi kumiliki nyumba pwani kabisa. Kweli?

#12 Fundi wa Rasi

Lualaba, anaweza, kwa njia ya benki. Katiba ya Meksiko ya 1917, kifungu cha 27, inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini na 100 kutoka mpakani. Wakatunga utaratibu unaoitwa fideicomiso: benki inashika hati kwa jina lake, wewe ndiye mnufaika. Unaishi, unapangisha, unauza, unarithisha. Muda ni miaka 50 na unahuishwa. Kila mwaka benki inakutoza ada.

Hatari haiko hapo. Iko kwenye ardhi ya ejido, yaani ardhi ya jumuiya ya wanakijiji iliyotokana na mageuzi ya ardhi baada ya mapinduzi yao. Sheria ya 1992 ilifungua mlango wa kuigeuza iwe mali binafsi, ila mpaka igeuzwe rasmi haiuzwi kwa mgeni. Mtu nimjuaye, wa Afrika Mashariki, alioneshwa kiwanja chenye minazi kaskazini ya mji kwa bei ya kuchekesha. Karatasi ilikuwa na mihuri mitano. Mihuri ya kijiji! Akatoa malipo ya awali, na zile pesa hazijarudi. Usilipe chochote kabla notario hajakagua hati kwenye daftari la umma. Notario wa huku ni mwanasheria mzito aliyeteuliwa na serikali, usimchukulie kama yule wa kugonga muhuri wa viapo.

#13 Nahodha wa Raskazone

Mihuri mitano, hati hewa. Hapo sasa mmefika nyumbani kabisa, hamna haja ya kupanda ndege!

#14 Binti Shangani

Nahodha 😂 Mwacheni mzee wetu, ana wivu na Mama Kibo.

#15 Kaskazi (Nairobi)

Naona wote mnazunguka tembo aliye sebuleni mwenu. Sinaloa ni Sinaloa. El Chapo, bosi wa genge la dawa za kulevya la Sinaloa, alikamatwa wapi? Culiacán, mji mkuu wa jimbo hilo hilo. Marekani imeiweka Sinaloa daraja la 4, usisafiri. Pesa za kujenga maghorofa yale ya ufukweni mnadhani zinatoka wapi? Mimi ndiyo maelezo yangu ya bei: pesa chafu zinatafuta saruji.

#16 Bondeni

Kaskazi, mwaka 2014 El Chapo alikamatwa Mazatlán yenyewe, ndani ya jengo la kondo mbele ya Malecón, tarehe 22 Februari. Kukamatwa kwa 2016 kulikuwa Los Mochis. Culiacán aliponyoka. Kwa hiyo hoja yako ya usalama ina nguvu kuliko ulivyoieleza.

Ile ya saruji leteni ushahidi. Kila mji wa pwani duniani wenye maghorofa mapya, watu husema hivyo hivyo.

#17 MamaKibo

Usalama naufuatilia kwa karibu, sijafumba macho. Hali ilibadilika baada ya Zambada, mwenzake El Chapo, kukamatwa Julai 2024, na tarehe 9 Septemba mwaka ule makundi mawili ya genge lile lile yakaanza kupigana. Culiacán iko mbali na Mazatlán kwa kilomita 200 na ushei, lakini moto ule unafika. Januari 2023 mtoto wa Chapo alipokamatwa, uwanja wa ndege wa Mazatlán nao ulifungwa. Onyo la Marekani linawaruhusu wafanyakazi wao kufika Mazatlán kwa ndege au meli na kubaki maeneo maalumu tu, Zona Dorada (ukanda wa mahoteli) na mtaa wa zamani.

Sisi hatuendeshi gari usiku nje ya mji. Hatuendi Culiacán kwa barabara. Jirani yetu wa kule, mama mjane mwenye duka la vifaa vya shule, aliniambia biashara yake ya wasafiri wa barabarani imekufa tangu Septemba ile. Yeye hana pa kukimbilia, na sisi tukijadili kama tuende au tusiende namfikiria yeye.

#18 Kaskazi

Asante kwa marekebisho Bondeni. Lakini Mama Kibo, kwa maelezo yako mwenyewe, si ungechagua Mérida? Yucatán imekuwa daraja la 1 muda mrefu.

#19 MamaKibo

Mérida haina bahari, uko kama nusu saa kutoka Progreso. Na joto lake la Mei usiombe.

#20 Lualaba

Na upande wa Cancún na Playa del Carmen kuna magugu ya bahari, sargazo. Tulikwenda Juni moja, ufukwe wote kahawia, harufu ya mayai viza, matrekta yanazoa mchana kutwa.

#21 Kaskazi

Hayo ni uchafu wa mahoteli yenyewe.

#22 Fundi wa Rasi

Hapana, mahoteli yana makosa yao lakini yale yanatoka mbali. Ukanda wa sargazo unatanda kutoka Ghuba ya Meksiko mpaka karibu na Afrika Magharibi. Ulianza kuonekana kwa ukubwa huo mwaka 2011. Kuna wanaosema mbolea ya mashamba inayoshuka na mto Amazon, kuna wanaosema vumbi la Sahara lenye madini ya chuma, kuna wanaosema pepo za 2009 na 2010 zilisukuma magugu kusini yakapata makao mapya. Upande wetu wa Pasifiki hatuna hiyo shida.

#23 Mzee wa Houston

Mna vimbunga.

#24 Fundi wa Rasi

Tunavyo. Willa Oktoba 2018 kiliingia kusini yetu, Pamela Oktoba 2021 kaskazini yetu. Acapulco ndiyo mfano wa kuogopesha: Otis, 25 Oktoba 2023, jana yake asubuhi kilikuwa dhoruba ya kawaida, usiku kikaingia daraja la 5. Watu hawakupata hata muda wa kufunga madirisha. Kondo ya ghorofa ya 15 yenye kioo ukuta mzima ni nzuri kwenye picha. Mimi nimepanga ghorofa ya kwanza, ukuta wa tofali, mitaa sita kutoka baharini, na nalipa nusu ya wanacholipa wa mbele.

#25 Mlezi wa Seattle

Wakuu, nimesoma uzi wote. Hakuna aliyegusa jambo la rangi. Mimi ni mwanamke mweusi, mrefu, nina nywele fupi. Nilipofika Meksiko watu waliniuliza kama ni Mkuba, mpaka mtoto mmoja akanigusa mkono. Hilo silikatai. Lililoniumiza ni kwenye basi: maafisa wa uhamiaji waliingia, wakapita watu wote, wakasimama kwangu. Pasipoti nilikuwa nimeiacha hotelini. Tuliongea kwa simu ya tafsiri kwa muda mrefu mno, basi zima linasubiri. Nani mwingine yamemkuta?

#26 Bondeni

Pole sana dada. Yamewakuta hata Wameksiko weusi wenyewe. Kuna watu wa Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, waliozaliwa pale vizazi kwa vizazi, wameshushwa kwenye mabasi na kuambiwa waimbe wimbo wa taifa ili wathibitishe kwao. Mahakama ya Juu yao Mei 2022 iliamua ukaguzi wa namna hiyo ndani ya nchi unavunja katiba. Barabarani bado unatokea. Tembea na kadi halisi ya ukaazi, si picha kwenye simu.

Watu weusi hawakuanza kufika Meksiko na sisi. Rais wao Vicente Guerrero, aliyefuta utumwa Septemba 1829, alikuwa na damu ya Kiafrika. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha hivyo, na katiba iliwatambua 2019 tu. Na Mazatlán yenyewe! Kabla ya mji wa bandari kulikuwa na Presidio de Mazatlán, leo inaitwa Villa Unión, kama nusu saa kwa gari. Zama za Wahispania ngome ile ililindwa na askari machotara wa Kiafrika, wakisamehewa kodi ya kichwa kwa kazi ya kulinda pwani dhidi ya maharamia. Waulize wapangaji wa Zona Dorada kama wanajua.

#27 Mlezi wa Seattle

Asante Bondeni. Hilo la Villa Unión sikulijua, na nimelala hotelini karibu nayo.

#28 Binti Shangani

Kuna jengine. Acapulco ndiko zilikoshukia meli za Manila, tangu 1565 mpaka 1815. Zilileta hariri na vyombo vya China, na zilileta watumwa pia. Miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani ya Msumbiji waliouzwa na Wareno, wakapitishwa Goa na Manila. Watu wa bahari yetu hii hii walifika Pasifiki ya Meksiko kwa kuzunguka upande wa mashariki. Nikiwaza hilo mwili unanisisimka.

Minazi ya upande ule nayo ilikuja na mabaharia wa Kifilipino. Wakafika Colima, wakagema. Mpaka leo Puerto Vallarta, pale Malecón, utamuona mtu na kibuyu kikubwa anauza tuba, na tuba ni tembo la mnazi! Wanatia tufaha na karanga zilizokatwakatwa juu yake.

#29 Nahodha wa Raskazone

Tufaha ndani ya tembo? Hao wamepotea.

#30 Bondeni

Mombasa mtu akikutilia tufaha kwenye mnazi mnaitwa wazee. Lakini Binti Shangani, wee umejuaje ladha yake?

#31 Binti Shangani

Nimeuliza nikaambiwa. Msinitie maneno mdomoni. Tuba inayouzwa asubuhi ni tamu, haijachacha.

Na kwa wenzangu Waislamu: nyama ya kuchinjwa ni kazi kuipata miji ile, shoga yangu anakula samaki na kamba wiki nzima na hajalalamika.

#32 MamaKibo

Kamba wa Mazatlán! Kuna mtaa karibu na soko ambako wanawake wamepanga mabeseni ya kamba barabarani, wanaitwa changueras. Nanunua, nawapika kwa tui, na nazi hazina shida kupatikana. Aguachile yao, kamba wabichi kwa ndimu na pilipili, mume wangu anaipenda, mimi tumbo la unesi linakataa.

#33 Mzee wa Houston

Turudi kwenye mada. Dada, kelele je? Jamaa yangu alipanga Mazatlán, akahama kwa sababu ya banda, yaani zile bendi za matarumbeta za ufukweni mpaka usiku wa manane.

#34 Fundi wa Rasi

Hapa naomba nisikilizwe. Machi 2024, wiki ya Pasaka, wenye mahoteli walilalamika kwamba wageni hawalali na wakataka banda zidhibitiwe ufukweni. Wanamuziki waliandamana wakipiga vyombo, tarehe 27 wakakabiliana na polisi pale Malecón. Mji mzima ulisimama upande wao. Banda ni muziki wa Sinaloa. Baba anampigia mwanawe akitimiza miaka, wanamkodi mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa, na ngoma pale mchangani, ndiyo sherehe ya mtu asiye na ukumbi. Mgeni aliyefika Januari anataka mji uwe kimya kwa sababu amelipia mandhari ya bahari. Huyo si wa kuishi nasi. Anayetaka kimya aende vijiji vya ndani, El Quelite au Copala, ni pazuri mno.

#35 Mzee wa Houston

Fundi, nakuelewa, lakini mtu wa miaka 70 mwenye presha ana haki ya kulala. Si ubaguzi kutaka kulala. Hata Dar watu wanalalamikia vigodoro, na wanaolalamika ni wenyeji.

#36 Fundi wa Rasi

Mwenyeji anapolalamika anazungumza na jirani yake. Mgeni anazungumza na meneja wa hoteli, na meneja anampigia meya. Hapo tofauti ni kubwa.

#37 Kaskazi

Mimi kwa hili niko na Mzee. Lakini hoja ya meneja na meya imenigusa.

#38 Mlezi wa Seattle

Mama Kibo, kuhusu matibabu umejipangaje? Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, haivuki mpaka. Na nilisikia ukikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita malipo ya Social Security, pensheni ya serikali, yanakatwa.

#39 Bondeni

Mlezi, la miezi sita haliwahusu raia wa Marekani, wao wanalipwa Meksiko bila shida. Linawahusu wasio raia, wa grini kadi. Hata hao, Kenya na Tanzania ziko kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake akiwa na alama 40 za kazi, yaani kama miaka kumi ya kuchangia, anaendelea kulipwa. Mtegemezi na mjane wana masharti yao. Hatari ya mwenye grini kadi ni nyingine: ukikaa nje zaidi ya mwaka, kadi yenyewe unaweza kuipoteza. Huyo Meksiko iwe ya majira ya baridi tu.

#40 MamaKibo

Medicare sehemu B, ile ya madaktari, naendelea kuilipia hata nikiwa kule. Ukiiacha halafu ukarudi unapigwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwaka uliokosa, na ni ya maisha. Maradhi madogo namaliza kwenye zile zahanati zilizobanana na maduka ya dawa, daktari anakuona kwa bei ya soda chache. Makubwa narudi Minnesota. Kati ya hayo mawili ndipo penye shimo: kiharusi, moyo, kuvunjika nyonga. Hospitali binafsi itataka amana kabla ya kukulaza. Bima ya umma, IMSS, mkaazi anaweza kujiunga kwa hiari, ila magonjwa uliyokuja nayo mengi hawayapokei. Tumetenga fungu la dharura, hatuligusi.

#41 Nahodha wa Raskazone

Sasa hapo dada umenyamazisha Tanga. Ukipigwa kiharusi Mazatlán, wanao wanafika siku hiyo hiyo. Ukipigwa Raskazone, wanafika baada ya siku mbili. Nakubali hilo. La ardhi sikubali, mngepigania hilo la uraia kwa nguvu zaidi nyie wa nje.

#42 MamaKibo

Tumelipigania, Nahodha. Tunaendelea.

#43 Lualaba

Fundi, swali la mwisho: umeme? Nasikia kiyoyozi kinamaliza pensheni.

#44 Fundi wa Rasi

Ruzuku ya umeme majira ya joto ni nzuri, shirika la umeme CFE linapanga bei kwa joto la mahali. Ila wastani wako wa miezi 12 ukivuka kikomo cha eneo lako, unahamishiwa daraja la DAC, matumizi makubwa, ruzuku yote inaondoka na unakaa huko mpaka wastani ushuke. Nimeona bili za watu walioacha viyoyozi vitatu vinawaka wakiwa ufukweni. Kabla ya kusaini mkataba, mwombe mwenye nyumba bili za mwaka mzima, utaona kama nyumba tayari iko DAC.

Na Mama Kibo, umeijua Mazatlán ya Januari. Njoo Agosti na Septemba, unyevu umekukaa mwilini kama shuka lililoloweshwa, mvua za jioni, nusu ya mikahawa ya watalii imefungwa. Kodi mwezi huo inashuka na wenye nyumba wanazungumzika. Nina mteja ana vyumba viwili juu, mtaa wa nyuma wa soko, madirisha pande mbili. Nitumie ujumbe nikuulizie, ila anataka mkataba wa mwaka, si wa miezi ya baridi tu.

#45 MamaKibo

Nimekutumia. Muulize kama bili ya maji iko ndani ya kodi, na kama wapiga banda wanapigia mtaa huo. Tukipiga ngoma na sisi tutawaalika.